Papai la Bafuni

Mimi nimekula papai nikiwa nimechuchumaa bafuni, mtu mzima, mke wa mtu, na kata ya maji mkononi. Sioni haya kulisema. Waone haya walionifikisha huko.

Bafu lenyewe lilikuwa la makuti, halina paa, nyuma ya nyumba ya mavyaa wangu, mama wa mume wangu, huko Magarini. Nilikuwa naingia na ndoo, na ndani ya leso nimefunga kipande cha papai bivu na kisu kidogo. Nikitafuna mara mbili, namwaga kata moja chini, chwaa, wasikie kwamba naoga. Nikitafuna tena, namwaga tena. Maganda nayafunga kwenye leso, nikitoka napita zizini, mbuzi wananimalizia ushahidi. Mavyaa akawa anamwambia jirani, "Mimba ya safari hii ni ya maji. Mtoto wa watu anaoga mara tatu kabla ya adhuhuri!"

Hebu nieleze nilifikaje pale.

Nilizaliwa Malindi mjini, kwenye nyumba ambayo matunda yaliletwa kwa sinia baada ya chakula cha mchana, na hakuna aliyeuliza nani ana mimba na nani hana. Nikaolewa Magarini, kwenye ukoo wa wakulima. Mume wangu ni fundi wa umeme, kazi zake nyingi ziko Kilifi, kwa hiyo amepanga chumba huko huko, Kibarani, na nyumbani huja mwisho wa wiki. Niliyekuwa naishi naye hasa ni mamake. Na mamake, niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alinifundisha kushika jembe bila kuumiza mgongo, na nikiugua alinikanda miguu bila kuombwa. Lakini kwenye mambo ya mimba alikuwa na sheria zake, na sheria zile hazikuwa na rufaa.

Papai lilikuwa la kwanza. Papai, alisema, huitelezesha mimba ikatoka. Nanasi nalo huikata. Mayai humleta mtoto hana nywele. Mboga aliiruhusu, lakini kijiko kimoja tu, kwa sababu mwenye kula sana mtoto hunona tumboni, na mtoto aliyenona hatoki ila kwa kisu. Na maajabu ya Musa ni kwamba nyumba ile ile ilikuwa na mipapai sita. Kila Alhamisi mavyaa alipeleka mapapai sokoni Malindi na kuyasifu mpaka wateja wakameza mate. Wake za watu wengine wale, wa kwake ayatazame tu.

Mimba yangu ya kwanza nilikula papai. Nilikula waziwazi, nimekaa kwenye mkeka uani, sikujua kama navunja sheria ya mtu. Aliyeniona ni mama mdogo wa mume wangu, mdogo wake mavyaa, ambaye nyumba yake imepakana na yetu na macho yake hayana mpaka. Hakusema kitu siku ile. Mwezi wa tano nikashikwa na homa ya kutetemeka, nikapelekwa hospitali, wakaniambia ni malaria, tena kali, na damu yangu iko chini. Mtoto hakukaa. Alikuwa wa kiume. Nilimwona.

Niliporudi nyumbani, kabla sijakalia kitanda, mama mdogo alikuwa tayari mlangoni.

"Papai hilo," alisema. "Si nilimwona kwa macho yangu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nikamwambia hospitalini wamesema malaria.

"Malaria!" Alicheka. "Malaria hii tunayo sote tangu tuzaliwe. Mbona tunazaa?"

Haukupita mwezi nikawa na jina jipya. Ukipita bombani unasikia, "Maji haya mpelekeeni yule wa papai." Mtoto akitumwa kwetu anaambiwa, "Nyumba ya yule wa papai." Wananitaja hivyo mbele yangu, na sauti zao hata hazibadiliki, kama vile ndivyo nilivyopewa jina na baba yangu.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa nao mara mbili, wa kufiwa na wa kuambiwa nimeua. Na lililonichoma zaidi ni kwamba kuna siku niliamini. Nilikuwa naikumbuka ile sahani, vipande vyenyewe, nilivyokuwa nikilamba vidole, na naichukia mikono yangu mwenyewe. Nilikasirika na watu wale kwa kunisingizia, halafu nikakasirika na nafsi yangu kwa kuwasadiki.

Baada ya miaka miwili nikapata mimba tena. Nilikwenda kliniki Malindi, nikakutana na muuguzi mmoja wa makamo, mwanamke asiye na maneno laini. Alinivuta kope la chini akatazama, akanitoboa kidole, akasubiri kipimo chake.

"Damu nane, dada. Unakula nini?"

"Nakula kila kitu."

"Kila kitu kipi? Jana mchana ulikula nini?"

"Sima."

"Kwa kitoweo gani?"

"Kwa mchuzi."

"Mchuzi wa nini?"

Mchuzi wenyewe ulikuwa wa samaki, na samaki wenyewe walikwisha kabla sahani haijanifikia. Mficha uchi hazai, nikajiambia, na mimi nilikuwa nimekuja pale kutaka kuzaa. Nikamweleza yote: kijiko kimoja cha mboga, mipapai sita nisiyoruhusiwa kuigusa, mtoto wangu wa kwanza, na jina ninaloitwa bombani.

Hakunionea huruma wala hakucheka. Alichukua kalamu akawa ananigongea mezani kila neno. Mboga za majani kila mlo, sahani si kijiko. Mchicha, mnavu, kisamvu, majani ya kunde, chochote kinachoota shambani kwenu. Na tunda papo hapo, chungwa au embe au papai, ndipo mwili uweze kuichukua ile nguvu ya damu iliyomo kwenye mboga. Chai usinywe pamoja na chakula. Vidonge hivi kila siku bila kuruka, na usilale nje ya chandarua.

"Papai?" nikauliza.

"Bivu. Bichi liache. Bivu halijamtoa mtoto wa mtu."

"Na yule wangu wa kwanza?"

Aliiweka kalamu chini. "Yule alichukuliwa na malaria. Papai halikuwamo. Lakini sikiliza, damu yako ikibaki hivi mpaka siku ya kuzaa, nitakuogopea wewe na huyu wa sasa, wote wawili."

Nilitoka pale nalia na natembea haraka. Si kwa huzuni. Nilikuwa nimepata mtu wa kwanza kuniambia kwa mdomo wake kwamba sikumuua mwanangu.

Jioni nikamwambia mavyaa kila kitu, kwa adabu, nimekaa chini. Alinisikiliza mpaka mwisho akipepeta mchele. Halafu akasema, "Na huyo muuguzi, mtoto akitoka, atakuja kumzika?" Nikasema muuguzi amesoma. "Hata mimi nimesoma, nimesomea tumboni mwangu. Katika nyumba yangu mimba haitoki mara mbili kwa jambo moja."

Nikampigia simu mume wangu. Mume wangu ni mtu wa amani, na watu wa amani nao wakati mwingine wana kero zao. "Mfuate mama tu," akaniambia, "ili mambo yaishe."

"Yaishe?" nikamwuliza. "Yataishia tumboni mwangu!" Nikakata simu.

Basi nikaamua. Nisingegombana na mtu. Nisingeomba ruhusa ya mtu. Ningekula.

Mboga haikunisumbua, maana mpishi ni mimi. Nilikuwa nachuma kikapu kizima, kwa sababu majani yakiiva hunywea na hakuna anayejua yalikuwa mangapi. Nakula nimesimama jikoni, kwenye sufuria, kwa mwiko, kabla sijapakua. Mchicha wa nazi, kisamvu, hata mchunga mchungu ule ambao wengine huukunjia uso. Nilikula kwa hasira. Halafu napakua, mavyaa ananiwekea kijiko changu kimoja kwenye sahani, nami nasema, "Ahsante mama, kimenitosha." Chungwa nalila njiani nikitoka shambani. Papai ndilo lilikuwa kazi, kwa sababu lina harufu na mama mdogo ana pua. Ndipo likaja hilo jambo la bafu.

Kuna siku nilicheka mwenyewe mle ndani, mdomo umejaa, maji yanamwagika bure. Kuna siku nilitukana. Lakini nilipokwenda kliniki damu ikawa tisa, safari nyingine ikawa kumi, na mwezi wa mwisho muuguzi alisoma kile kipimo mara mbili akasema kumi na moja. Akanitazama tumbo, akanitazama usoni. "Unakula," alisema. Hakuuliza nakula wapi.

Nikazaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na nywele nyeusi tele. Mavyaa alimpokea kwa mikono miwili akamwadhinia kwa kunong'ona kabla babake hajafika, eti ameazima zamu yake. Siku arobaini alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akamnyoosha mtoto viungo. Nilimpenda siku zile, nisiseme uongo. Nikawa najiambia, yamekwisha, mtoto yupo, ya bafuni yabaki bafuni.

Ikafika arobaini yenyewe. Wanawake wakajaa uani, pilau ikapakuliwa, mtoto akawa anapita mkono hadi mkono. Mbele yangu alikaa binti mmoja, mke wa jirani, mimba yake ya kwanza, mwezi wa sita hivi. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Sinia la matunda lilipomfikia alilitazama sana, akalipitisha kwa mwenzake bila kuchukua kitu.

Mama mdogo akasimama. Alikuwa amevaa vizuri, amejipaka udi, na alitaka kusikika.

"Jamani, mnamwona mtoto huyu? Mwaka ule mamake hakusikia, mkaona yaliyompata. Safari hii katii. Papai hata kuligusa hakuligusa. Mnaona matunda ya kutii?"

Vigelegele vikapigwa. Na yule binti akatingisha kichwa polepole, amesadiki.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilidhani nimewashinda, kumbe nimewafanyia kazi. Kila papai nililolificha lilikuwa linahesabiwa kuwa papai nisilolila. Mwanangu aliye hai alikuwa amefanywa shahidi dhidi ya mwanangu aliyekufa. Kama ningenyamaza siku ile, basi nimekubali mbele ya ua mzima kwamba mimi ndiye niliyemuua, na huyu mwenye viganja vyeupe angekwenda nyumbani kulala na njaa kwa ushahidi wangu.

"Sikutii," nikasema.

Mama mdogo akageuka. "Umesemaje?"

"Nimesema sikutii. Nimekula papai karibu kila siku, mwezi baada ya mwezi, bafuni. Nimekula mboga kwa mwiko. Nimekula na nanasi pia, siku ile mlipokwenda mazishini Vitengeni. Muuguzi aliniambia nile, nikala, damu ikapanda, na mtoto huyo mnayempigia vigelegele ametoka huko. Na yule wa kwanza alikufa kwa malaria. Mimi sikumuua mtu. Yeyote atakayeniita tena yule wa papai aje aniite hapa, nikimtazama."

Halafu nikamgeukia yule binti. "Na wewe mdogo wangu, rudisha sinia hilo ule. Kesho nakupeleka kliniki mwenyewe."

"Toba!" Mama mdogo alipiga makofi mara moja. "Lahaula! Mnamsikia? Dada, unamsikia mkaza mwanao? Mwambie! Mwambie huyu jeuri tunavyofanya katika ukoo huu!"

Watu wote wakamtazama mavyaa. Alikuwa amempakata mtoto, na nilijua moyoni kwamba namvunjia heshima mbele ya wageni wake, kwenye karamu aliyoipika kwa mikono yake. Nilikuwa tayari. Angenifukuza, ningekwenda. Nilishaanza kumnyooshea mikono anipe mwanangu.

Hakunipa. Alimweka begani, akamgeukia mdogo wake.

"Mimi nilitii," alisema.

"Ndiyo, dada, waambie."

"Nilitii. Papai sikulitia mdomoni. Nanasi sikuligusa. Mayai nilikuwa nayasikia harufu jikoni kwa mama mkwe, nameza mate. Mboga kijiko kimoja, na mara nyingine hicho kimoja nilikirudisha, nionekane mke mwema. Na kabla ya kumpata mume wa huyu, nilizika watatu."

Miaka mitano nilikuwa nimekaa katika nyumba ile, na hilo sikuwahi kulisikia. Hata mume wangu, nilipomwuliza baadaye, hakulijua.

Mavyaa alikuwa bado anamtazama mdogo wake, wala hakuinua sauti.

"Basi niambie, mwana wa mama. Huyu mlisema alikula papai. Mimi nilikula nini?"