Vioo Vilivyofungwa Njia ya Walikale

Gari la baba ni Mercedes kuukuu, limenizidi umri, na kwa miaka mingi kiyoyozi chake kilikuwa pambo tu. Kwetu Burungu, juu milimani, nani anahitaji baridi ya mashine? Asubuhi tunakamua ng'ombe tukiwa na makoti. Lakini baba alikuwa akipeleka jibini Walikale, na joto la kule chini lilimharibia mzigo mara mbili mfululizo. Aliapa kwamba haitatokea tena.

Fundi mmoja wa Mweso alimweleza kwamba gesi ya zamani ya kiyoyozi haipatikani siku hizi, na hii mpya haielewani na mafuta ya zamani. Ukiiongeza hivi hivi, kompresa, ile pampu ya gesi, inakufa. Basi akamwaga mafuta yote, akasafisha mabomba, akabadilisha mipira na chujio, akanyonya hewa yote ndipo akajaza gesi mpya. Baba alisimama pale kutwa akimchosha kwa maswali. Baridi ilipotoka alicheka, akaniambia nifunge kioo.

Hapo moyo wangu uliingiwa na shaka. Njia ile haiendwi vioo vikiwa juu. Dereva hupunguza mwendo, husalimia akina mama walio mashambani, na wao ndio humwambia kama mbele kuna usalama. Nilimkumbusha baba. Alijibu kwamba tukivifungua baridi itatoroka nje, jibini itaharibika, na kwamba mimi naogopa hata kivuli changu. Nilinuna, nikafunga.

Tukaanza kushuka milima. Kile kimya cha ndani ya gari nilikichukia. Tulipokaribia Kibua, mama mmoja aliinua jembe, midomo yake ikicheza. Baba akampungia mkono. Mbele kidogo wengine wawili wakapunga, kisha watu waliobeba magodoro vichwani. Baba aliwajibu wote kwa furaha, na mimi pia, kwa adabu tuliyolelewa nayo, ingawa hakuna aliyetabasamu.

Mwishowe bibi mmoja alisimama katikati ya barabara. Baba akafunga breki, nikashusha kioo, joto likatuvamia.

"Papa, murudie," alisema. "Mbele kule haiko muzuri. Batu banabaita tangu kule nyuma. Hamusikie?"

Kabla baba hajamjibu, bunduki zililia ng'ambo ya kona. Tulimpakia bibi nyuma, juu ya jibini. Baba aligeuza gari, kisha akashusha vioo vyote. Kiyoyozi alisahau kukizima. Kiliendelea kutupuliza magotini. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Tulipofika kwenye shamba la yule mama wa kwanza, jembe lake lilikuwa limelala kando ya barabara. Baba alisimamisha gari, akatoa kichwa nje, akaita, "Mama!" Akangoja. Akaita tena.

Safari hii tulisikia kila kitu: majani, maji ya mtaro, pumzi ya bibi nyuma yetu. Hakuna aliyeitika.