Nilichungulia Tanuri Kabla Kioo Hakijapoa

Aibu nyingine mtu huchekwa zikaisha, lakini hii yangu hakuna aliyecheka, ndiyo maana nimekaa nayo mwaka mzima na hata leo nikiwasimulia nyie naona uso unaniwaka.

Tulikuwa wasanii wa vioo, tumealikwa tukae wiki sita kwenye karakana moja kule Chang'ombe, kila wawili watoe kazi moja. Mie nilipangiwa pamoja na Rehema, dada mpole wa Kigoma, naye alikuja na chemni ya taa ya marehemu mama yake, akaivunja mwenyewe huku machozi yanamtoka, tukayeyusha vile vipande pamoja na chupa zangu za bia nilizookota Sinza (ndio urithi niliokuwa nao).

Fundi wetu, Mzee Kondo, alituonya: kioo kinapoa polepole humohumo tanurini, siku mbili, asifungue mtu. Asubuhi ya pili nikajikuta peke yangu, nikasema nichungulie tu, nipige picha niweke status, nyumbani waache kuniita muokota chupa. Nikafungua, nikapiga, hewa ya nje ikaingia, nikasikia "ti", kidogo tu. Nikafunga. Picha nikaiweka, ile "ti" sikumwambia mtu.

Maonyesho yakafanyika Msasani, wageni wamependeza, na mie nisiye na breki mdomoni nikashika maiki nikaanza kuhubiri subira (subira, mie!), halafu nikakipigapiga kioo kwa kiganja waone kilivyo imara. Kikapasuka katikati. Rehema akakinyooshea mikono kukidaka, kama mtu anayedaka mtoto, kipande kikamchana kiganja hadi ndani.

Damu inamwagika, watu wanapiga kelele, na mie nikasikia sauti yangu mwenyewe inatoka kwenye spika: "Nilimwambia ile chemni haipatani na chupa!"

Mzee Kondo alikuwa amepiga magoti anamfunga Rehema mkono kwa shati lake.

"Kijana," akasema bila kugeuka, "ile picha uliyoweka juzi, uliipigaje tanuri limefungwa?"

Nikaiweka maiki chini. Rehema ndiye aliyeniangalia.

"Ungeniambia tu, kaka. Tungekirudisha motoni."

Kidonda kilipona, lakini vidole viwili havikunjiki mpaka leo, na kukata kioo ameacha. Nilimpigia kumwomba msamaha, akasema ameshanisamehe, ila akauliza vipande vya chemni ya mama yake viliwekwa wapi. Nikamwambia ukweli: wafagiaji walishavitupa. Akakata simu.

Tangu hapo nimeapa, nikiharibu kitu nasema palepale. Juzi nimevunja sahani ya mama mwenye nyumba, nikaenda kumgongea hajanywa hata chai. "Shikamoo mama, nimevunja mimi." Akaitikia, akaniuliza kama naumwa, maana nilikuwa natetemeka, na ilikuwa sahani moja tu.