Uzito wa Shali

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya wazazi kule Homa Bay, Muuguzi Mkuu hakunipa mtoto nimshike. Alinipa mizani tupu. Aliniagiza nirudishe mshale kwenye sifuri kabla ya kila mtoto, kisha akanifundisha asilimia ya kosa: chukua kiasi ulichokosea, kigawe kwa uzito halisi, zidisha kwa mia. "Usiniambie tu umekosea gramu ngapi," alisema. "Niambie mtoto mwenyewe ana kilo ngapi."

Baadaye nilihamishiwa zahanati moja upande wa Uriri. Huko kina mama hawakutaka mtoto avuliwe mbele ya watu, wakihofia jicho baya, sihoho kwa Kijaluo. Watoto walipimwa wakiwa na shali nzito, sweta na kofia. Nilipolalamika, Afisa Msimamizi, mtu mpole aliyependwa na wazee, alicheka.

"Wacha, sister. Ukivua hao watoto, kesho tutapima mabenchi matupu."

Hakuwa mjinga. Kwa mtoto wa kilo kumi, nguo za nusu kilo ni kosa la asilimia tano tu. Nikaendelea kupima hivyo hivyo.

Ndipo Akoth, mmoja wa kina mama hao, akajifungua kabla ya siku zake. Mtoto wake, na nguo zake, alifika kilo mbili na nusu, kiwango chetu cha kumruhusu aende nyumbani. Ilikuwa majira ya mvua. Baridi ikamchukua, akafariki.

Akoth alirudi na ile shali, sweta na kofia, akaomba nizipime. Mshale ukasimama kwenye nusu kilo. Kumbe mtoto alikuwa na kilo mbili tu, na kosa letu lilikuwa asilimia ishirini na tano. Hakulia.

"Sister, mlipima mtoto wangu ama mlipima nguo?"

Baada ya hapo tulinunua shali ya zahanati. Tuliiweka kwenye mizani kwanza, tukarudisha mshale kwenye sifuri, kisha mama mwenyewe akamfunga mtoto ndani yake nyuma ya pazia. Hakuna mama aliyekimbia. Jambo jepesi namna hiyo, na tulilifikiria tukiwa tumeshamzika mtoto. Majuto ni mjukuu, na wangu nimestaafu naye.

Siku hizi Akoth anauza nyanya soko la Suna. Hunisalimu vizuri, na kila mara huniongezea moja juu ya kipimo. Swali lake hajaliuliza tena.