Majilio ya Mayai Tisa

Jumapili ya kwanza ya Majilio mwinjilisti alisimama mbele akatuambia kwa upole kwamba majira haya ni ya kusubiri. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka mitano, alikuwa amekaa mapajani kwangu. Akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwa wanakwaya: "Sitaki!"

Kanisa zima likacheka. Mwinjilisti mwenyewe alilazimika kufuta macho. Mimi pia nilicheka, ila nilijua neno lile limetoka wapi. Mama alipofariki, miaka miwili nyuma, shangazi alimnyamazisha mtoto kwa kumwambia mama kaenda Singida mjini, asubiri, atarudi. Mtoto akasubiri kweli. Kila basi liliposimama hapa kijijini kwetu Iguguno alikuwa kando ya barabara anatazama miguu ya wanaoshuka. Nikamwambia ukweli. Baba alikuwa ametangulia zamani, mimi ndiye mkubwa, shule nilishaiacha kidato cha pili, hivyo kazi hiyo ilikuwa yangu pamoja na jembe. Tangu hapo ukimwambia asubiri, hata kama ni uji upoe, anasema hataki.

Nikaamua mwaka huu atasubiri kitu kitakachokuja.

Tulikuwa na kuku mwekundu aliyekuwa anataka kulalia mayai, mkali kama nini. Zilipobaki siku ishirini na moja kufika Krismasi nikampa mayai tisa ndani ya beseni lililopasuka, juu ya maganda ya alizeti, chini ya meza tuliyoweka mishumaa yetu minne ya Majilio kwenye sahani ya mchanga. Kisha nikachora ukutani mistari ishirini na moja ya mkaa.

"Kila jioni tukishaimba, unafuta mmoja," nikamwambia. "Ikiisha, vifaranga wanatoka."

"Dada, na kama unanidanganya?"

"Sikudanganyi."

"Mayai tisa!" akasema mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyemaliza darasa la saba na kuhamia jikoni. "Mngenipa mimi tungekula leo."

Jioni ile ile mtoto akafuta mstari wa kwanza. Tukampigia makofi.

Mvua zikaja. Mchana tulipanda, jioni tuliimba tukiwa na matope hadi magotini, na kuku chini ya meza akitulalamikia kila ubeti. Jumapili ya tatu mtoto akauliza kama kweli humo ndani kuna mtu. Nikaingiza mkono chini ya kuku, nikadonolewa mara mbili, nikatoka na yai moja. Nikalishika mbele ya mshumaa wa tatu. Ganda likawaka kama taa. Ndani kulikuwa na mishipa myembamba myekundu, na katikati kitu cheusi kikajitikisa.

"Ananipungia!" mtoto akapiga kelele. "Shikamoo!"

"We!" dada yake akamkatiza. "Unamwamkia yai? Wewe ni mkubwa wake. Yeye ndiye akuamkie."

Katika nyumba yetu, na kwa majirani wote, hakujawahi kuwa na mtu wa kumwamkia yeye.

"Mimi ni mkubwa?"

"Wa watu tisa."

Kuanzia hapo alitembea mikono nyuma, kama mwenyekiti wa kijiji.

Jioni ya kuamkia Krismasi akafuta mstari wa mwisho, akalala kifudifudi mbele ya beseni. Hakuna kilicholia. Akamtazama kuku, akatazama ukuta mtupu, kisha akanitazama mimi.

Nikahesabu upya kwa vidole, na hapo ndipo nikaona. Mstari wa kwanza tuliufuta siku ile ile ya kuweka mayai, kuku akiwa hajalalia hata saa moja. Niliihesabu kama siku nzima.

"Nimekosea," nikasema. "Kuku hajakosea. Nimekosea mimi kuhesabu. Imebaki siku moja."

Ningeongeza lolote lingefanana na maneno ya shangazi. Mtoto akainuka, akaenda jikoni. Nikajua amekwenda kulia. Akarudi na kipande cha mkaa, akachora ukutani mstari mmoja, mnene, umepinda kuliko yangu yote.

"Huu ndio wa mwisho," akasema kwa sauti ya mwenyekiti. "Usikosee tena."

Alfajiri nikaamshwa na sauti yake.

"Marahaba!" Pii, pii. "Marahaba! Marahaba, hamjambo?"

Tulimkuta amepiga magoti, shati nyuma mbele, akiitikia kila pii bila kuruka hata moja. Mdogo wangu alicheka hadi akaketi sakafuni. Kengele ya kwanza ya kanisa ikalia, ya pili ikalia, na hakuna aliyekuwa amenawa uso. Kufika saa mbili walikuwa wametoka saba, wamelowa, wabaya wa sura, wazuri kupita kiasi. Mayai mawili yalikuwa na ufa tu.

Nikambeba twende kanisani. Akajichomoa, akakimbia kurudi kwenye beseni, akainama juu ya yale mawili.

"Nyie subirini," akawaambia. "Mimi nitarudi."

Na baada ya ibada alirudi mbio, viatu mkononi.