Gundi ya Shubiri

Ofisi ya mtendaji wa kata ilitangaza, kwa maandishi yenye muhuri, kwamba tangazo lolote likishabandikwa kwenye ubao wa ofisi, baada ya siku kumi na nne litahesabiwa kuwa limemfikia kila anayehusika, ajuaye kusoma na asiyejua, na hakuna atakayesikilizwa akidai hakuliona. Waraka huo uliwekwa ubaoni na Hamisa binti Sabiri, mhudumu wa ofisi, kwa gundi aliyoipika mwenyewe.

Kata yenyewe haina haja ya kutajwa. Iko Handeni, ina vumbi, ina mbuzi. Fungu la gundi ya dukani halikuwahi kufika, kwa hiyo kwa miaka kumi na sita matangazo yote yalishikwa na uji wa unga wa muhogo. Muhogo hushika vizuri. Ubaya wake ni chakula. Kila baada ya mavuno, mbuzi wakishaachiwa wajitafutie, walikula uji na karatasi pamoja. Mwaka mmoja walikula orodha ya wapiga kura mpaka herufi M, wakashiba.

Hamisa ndiye aliyepata dawa. Alikata majani ya mshubiri, akakamua utomvu wake wa manjano ndani ya uji unaotokota, akakoroga mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Mbuzi wa kwanza alilamba, akapiga chafya, akaenda zake. Tangu hapo hakuna karatasi iliyobanduka. Za zamani zilikwanguliwa kwa panga. Watu wakimsifu, alisema ulimbo hunata, lakini gundi hushika, na hayo ni mambo mawili. Kilichonata utakiona kinapapatika. Kilichoshikwa kimetulia tu, wala hakijui kama kimeshikwa mpaka kitake kutoka.

Naye alitaka kutoka. Mama yake, huko Magoma upande wa Korogwe, alikuwa amepooza mkono na mguu, na aliyekuwa akimgeuza kitandani ni Munira, mke wa kaka yake Kibwana. Munira alikuwa mtu wa adabu. Simu zake zilianza kwa salamu ndefu, zikawa fupi mwezi hadi mwezi, mpaka siku moja akasema lile lililokuwa linamkaba.

"Wifi, mama ni mama yenu. Nitamtunza mpaka vuli. Mvua ikianza naingia shambani, na siwezi kumfunga mgongoni."

Hamisa akaomba uhamisho. Mtendaji, Bwana Denis, kijana mwenye mwandiko mzuri, hakuzuia barua. Aliipitisha kila mara, na kila mara aliongeza chini kabisa, kwa mwandiko huohuo, kwamba kuondoka kwa mhudumu huyu kutaathiri mawasiliano ya kata. Barua ilirudi mara mbili.

"Sasa mama," alimwambia, "nikikuachia wewe, nani atabandika?"

Hamisa akasema atamfundisha Mustapha, mlinzi. Mustapha alikuwa Msambaa, yaani mtani, na mtani haketi jikoni kwa Mzigua akafundishwa kupika kimyakimya. Alisema watu waliokula mbegu kisha wakaomba mvua hawana la kumfundisha yeye. Hamisa akajibu kwamba Msambaa akishuka mlimani kitu cha kwanza anachouliza ni njia ya kurudi, kwa hiyo aulize tu, ataonyeshwa. Wakacheka mpaka uji ukaungua. Somo likaishia hapo, kila mmoja akiamini ameshinda.

Barua ya tatu ikaenda. Mwezi wa tisa mama akakataa kula, na Hamisa akachukua likizo ya siku ishirini na moja. Magoma alimlisha mama uji kwa kijiko, robo kikombe asubuhi, robo jioni, akimwahidi kwamba safari ijayo hatakuja na mkoba, atakuja na kitanda.

Uhamisho ulikubaliwa siku yake ya tatu huko. Nafasi ilikuwa Korogwe, na athibitishe kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, la sivyo apewe mwingine. Bwana Denis alikuwa na namba yake ya simu. Lakini utaratibu ulisema taarifa za watumishi ni za ubaoni, naye hakuwa mtu wa kuruka utaratibu. Akampa Mustapha karatasi.

Hamisa aliporudi alikuta nakala kwenye faili. Nafasi ilikuwa imeshakwenda kwa mtu mwingine. Aliuliza kama hakuna namna. Bwana Denis alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa.

"Mama, ule waraka uliubandika wewe mwenyewe."

Kisha akamkabidhi matangazo manne mapya. Vuli ilikuwa imeanza. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe wa Munira ambao hakuwa ameufungua. Akateleka sufuria, akakata majani ya mshubiri. Mustapha akaja akasimama mlangoni, bila utani wowote siku hiyo.

"Dada, nilijua kuna kitu unatia. Sikujua ni kipi. Nikatia chumvi."

Hamisa aliendelea kukoroga.

"Nyingi?"

"Konzi mbili. Nilisema isioze."

Karatasi ile alikuwa ameibandika saa mbili asubuhi. Mbuzi walifika saa tatu.