Moyo wa Papa Mumba kwenye Televisheni

Émerance Kavira alifika Lubumbashi mwezi wa tatu wa 2025 akiwa na begi moja na simu iliyopasuka kioo. Kwao Goma alikuwa amefundisha anatomia miaka kumi na minne. Waasi walipouteka mji, shule yake ya uuguzi ilifungwa, naye akazunguka kwa mabasi kupitia Rwanda, Tanzania na Zambia hadi Kasumbalesa. Hapo mpakani kaka yake Edmond, muuza mchele wa jumla mjini Lubumbashi, alimkumbatia mpaka miguu yake ikaacha ardhi.

Wiki mbili baadaye alipata kazi ya muda katika shule ndogo ya uuguzi katika mtaa wa Katuba. Wanafunzi walikuwa hamsini. Kifaa kilikuwa kimoja: chati iliyofifia hadi ini na tumbo vikawa rangi ile ile.

"Madame, majina ya Kifaransa tunajua," alisema Dorcelle, mwanafunzi ambaye mtihani wa anatomia ulikuwa umemwangusha mara mbili. "Lakini kintu yenyewe hatuyaiona bado."

Kwenye simu yake Émerance alikuwa na programu aliyoanza kuitumia Goma. Ukimwelekezea mtu kamera, simu inachora juu ya mwili wake moyo na mishipa yake, mapafu na figo, kila kimoja mahali pake, na akisogea vinasogea naye. Tatizo, simu ilikuwa moja na macho mia. Edmond akaing'oa televisheni kubwa ya sebuleni kwake, akaileta shuleni kwa gari la mchele, wakaiunganisha na simu kwa waya.

Sasa nani asimame mbele? Wasichana walisukumana wakicheka. Wavulana walitazama viatu vyao. Dirishani alikuwa akichungulia Papa Mumba, mlinzi wa lango, mzee aliyewahi kuchimba shaba miaka ishirini.

"Mi niko tayari," alisema, akaingia na kuvua kofia.

Émerance akamwelekezea simu, na kwenye televisheni, juu ya koti lake la kazi, zikatokea mbavu, kisha mapafu, kisha moyo ukidunda. Darasa lilipiga kelele zikasikika hadi barabarani.

"Ah! Kumbe mi niko na bintu mingi hivi mundani!"

"Ile si moyo yako yenyewe, Papa," Émerance alimwambia. "Ni picha tu, inaonyesha mahali iko."

"Acha, Madame. Ile iko yangu. Unaona namna inatumika kazi muzuri?"

Alipogeuka, figo zikajitokeza mgongoni. Dorcelle akaenda hadi kwenye televisheni, akafuata mishipa kwa kidole. "Damu inatoka huku, inaenda ku mapafu, inakamata hewa, inarudi ku moyo, halafu njo inatembea mwili yote!" Akaanza kucheka peke yake. "Madame, nimeelewa!"

Émerance aligeukia ukuta akafuta macho. Tangu atoke Goma hakuwa amesikia darasa lenye kelele tamu namna ile.

Mwezi wa saba Dorcelle alipata kumi na sita juu ya ishirini katika mtihani wa anatomia, akamvuta Papa Mumba kutoka langoni wakacheza uani mbele ya mkurugenzi wa shule. Siku hiyo hiyo Émerance alisaini mkataba wa kudumu. Alipompigia simu mama yake, aliyebaki Goma, yule mama alipiga vigelegele hadi majirani wakasikika wakiuliza nani anaolewa.