Kitana Chekundu

Mimi ni msusi. Miaka arobaini nasuka kibarazani kwangu, na mdomo wangu mtaa mzima wanaujua.

Nilikuwa na vitana viwili. Cheupe cha watoto wa kwetu, chekundu cha watoto wa wale waliokuja kufanya kazi kiwandani, weusi tii kutupita sisi, nywele kipilipili. Nikishamsuka mmoja wao, chekundu nakitumbukiza kwenye maji ya moto. Wateja hoi kwa kicheko.

"Bibi, unapika supu?"

"Rangi itoke kwanza!"

Mjukuu wangu wa darasa la tatu alikuwa hapo hapo, ananishikia uzi. Macho tu.

Siku moja nikaitwa shuleni. Nimekwenda nimejifunga kibwebwe cha ugomvi. Ofisini namkuta mjukuu wangu, na mwanafunzi mwenzake, binti wa hao watu wa kiwandani, kalowa chapachapa, mama yake kamkumbatia. Mwalimu akaeleza: walicheza saluni. Mjukuu wangu kaja na kitana chekundu, kamchana mwenzake, kisha kakichovya kwenye ndoo. "Rangi itoke!" Wenzake wakadaka wimbo, wakambwagia mtoto wa watu ndoo nzima kichwani.

"Ubaguzi huu kakufundisha nani?" mwalimu akauliza.

Mtoto akanitazama. Akainama. "Hakuna."

Na mimi, mdomo wote huu, nikasema, "Watoto wa siku hizi, mwalimu! Sijui wanayatoa wapi."

Ikaamuliwa kesho yake aombe radhi mbele ya darasa.

Njiani akaniuliza, "Bibi, kesho nitasema nini?"

"Sema umekosa."

"Na wewe?"



Asubuhi nikaenda naye, nikasimama ubaoni. "Kitana changu. Maneno yangu. Huyu kayabeba kutoka kwangu."

Yule binti akauliza, "Kwani mimi nina uchafu gani, bibi?"

"Huna," nikasema.

Mama yake haniletei tena kichwa cha mwanawe. Akiniona anavuka barabara. Ningekuwa yeye ningetema na mate.

Vitana vile nimevitupa, nina kimoja tu. Juzi mteja kaniuliza huku anacheka, "Bibi, kile chekundu cha supu kiko wapi?" Mjukuu wangu akaacha kukunjua uzi, akanikazia macho.

Nikamwambia mteja, "Inuka. Kamalizie kwingine."

Akaondoka na kichwa nusu.